Shukrani Zilizofutwa

9 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Mungu ametuamsha tena, na kwa hilo peke yake nina la kukuandikia. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na hao wanangu ninaowaona kwenye picha tu, wanarefuka bila hata kuniomba ruhusa? Sisi tunasukuma siku. Baba mwili bado una nguvu ila macho ndiyo yanamuaga, sasa anamjua mtu kwa kikohozi na kwa mlio wa viatu. Mimi nipo na cherehani na sare za shule. Kola na vifungo, kola na vifungo, mpaka naota nashona shule nzima kwa uzi mmoja.

Nimeamua karatasi kwa sababu kwenye simu hatumalizi neno. Wewe una mteja mbele yako, mimi nina Baba ubavuni anataka kuninyang'anya simu akusalimie, salio linakatika tumeambiana habari za mvua tu.

Jambo lenyewe ni ile diski ya kwaya. Unaikumbuka. Mama yuko mstari wa mbele, na kwenye wimbo wa nne wenzake wote wananyamaza anaimba peke yake. Sauti yake nyingine hatuna popote. Baba haoni picha, lakini kila jioni tukishasali ananiambia, "Haya, niwekee mama yako." Sasa imeanza kukwama pale pale anapoanza peke yake. Inarudia neno moja kama kuku anayedonoa sufuria tupu. Baba huwa ananyoosha mkono hewani, anausubiri wimbo upite, ukipita anaushusha. Juzi haukupita. Alikaa na mkono juu, neno lile lile likijirudia. Halafu akasema, "Zima. Leo amechoka."

Toka siku hiyo situlii. Nashona nikifumua.

Nikamwomba mwalimu jirani kompyuta yake tutoe nakala kabla diski haijafa kabisa. Kompyuta ikakataa, ikaandika kwamba diski imefungwa. Imefungwa na nani, wakati mimi ndiye niliyeinunua? Mwalimu akaniambia liko jukwaa mtandaoni la mafundi wa deki na diski, wanaulizana na kujibizana. Nikaandika humo vizuri, kama ninavyokuandikia wewe. Mtu mmoja akanijibu, "Mama, hapa si redioni kwenye kipindi cha salamu." Sawa, nikacheka. Niliporudi kutazama, maneno yangu yote hayapo. Pana mstari mmoja tu: "Mada hii hairuhusiwi hapa. Soma kanuni. Msimamizi." Hata karibu hakuna.

Wewe ni fundi wa hizo hizo mashine. Unalijua jukwaa hilo? Unamjua huyo Msimamizi? Kama unamjua, mwambie na yeye ana mama.

Na unakuja lini? Toka tumzike Mama hujakanyaga hapa.

Dada yako akupendaye


17 Machi

Dada yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Wifi yako anashukuru kwa magauni ya watoto, yamewakaa. Nisamehe kuchelewa. Karakana imejaa mpaka tunakalia skrini za watu, na mdogo alikuwa na mafua, sasa amepona.

Kuhusu diski. Kwanza usiifute kwa dawa ya meno, hata ukishauriwa na mtu unayemheshimu. Kitambaa laini, maji kidogo, futa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe.

Pili, kufuli. Kununua diski si kununua nyimbo zilizomo. Ni kama kitabu: karatasi ni zako, maneno ni ya aliyeyatunga. Kampuni ikishaweka kufuli, kulivunja ni jambo la kisheria, na sheria zenyewe haziko sawa kila mahali. Unaweza kukuta mtu anaruhusiwa kuweka nakala ya akiba nyumbani kwake, lakini haruhusiwi kuvunja kufuli ili aipate. Najua haliingii kichwani. Hata kwangu halijaingia lote. Mimi si mwanasheria, mimi nachomelea nyaya.

Tatu, hao wa jukwaani wasikuumize moyo. Mwenye jukwaa anaweza kuulizwa kwa lolote lililoandikwa humo, ndiyo maana wameafikiana: mikwaruzo, lenzi, deki iliyogoma kufungua mlango, hayo ongea upendavyo. Namna ya kufungua kufuli, kimya. Si roho mbaya. Mtu anaanza kwa kuwaombea wagonjwa wote waliolazwa, anakwenda kwa wake za mafundi kama wameamkaje, na katikati ya baraka zote hizo anauliza njia ya kuvunja kufuli. Msimamizi yeyote angeshtuka.

Nenda kwa waliokuuzia, uliza kama wana nyingine. Tuelewane, dada, sikatai kukusaidia. Hii ndiyo njia iliyonyooka.

Msalimie sana Baba.

Mdogo wako


2 Aprili

Bisibisi wangu,

Amani ya Mungu ikae juu yako na nyumba yako yote, hadi kwa huyo mwenye mafua. Baba anakusalimu, ameniambia niandike kwamba amekula vizuri. Mimi leo naandika huku naimba, kwa hiyo usishangae mistari ikipanda na kushuka.

Nilifuata njia yako iliyonyooka, nikaona inapoishia. Duka lililotuuzia diski siku hizi linauza vifuniko vya simu. Yule kijana wa mezani hajui hata kama paliwahi kuwa na kwaya duniani. Nikaenda kwa muuza diski za magendo kule kituoni, akaniambia, "Kwaya hazitoki, mama. Chukua ya ngumi, utaipenda." Nikamwambia nina ngumi za kutosha nyumbani. Sikununua. Kama kunakili ni wizi, kununua kilichonakiliwa si kuosha mikono.

Nikamwendea mchungaji. Nikamuuliza nikitoa nakala ya sauti ya mama yangu nitakuwa nimeiba. Akauliza kama diski niliinunua. Ndiyo. Nitaiuza? Hapana. Akakaa, akakuna kidevu, akasema atalisoma hilo jambo. Mpaka leo analisoma.

Basi wakati nahangaika hivyo, mtu mmoja wa kule jukwaani akaniandikia pembeni, faraghani. Anajiita Babu Waya. Akasema aliuona ujumbe wangu kabla haujafutwa, umemkaa moyoni kwa sababu na yeye ni mjane. Akanielekeza pole pole, bonyeza hapa, ngoja, sasa hapa. Mwalimu jirani alikuwa ananisomea, mimi nabonyeza. Na diski ikakubali. Nakala imetoka safi, Mama anaanza peke yake na anamaliza peke yake. Ile ya zamani baada ya hapo haikusoma tena, ilikuwa kama imengoja tu imkabidhi mwenzake.

Nilimwekea Baba siku ile ile. Sitakuandikia alivyokuwa. Ungekuwepo ungeona.

Sasa mtu akikutendea hivyo utanyamaza? Nikarudi jukwaani, nikaandika mbele ya wote: "Namshukuru Babu Waya aliyenifungulia diski iliyofungwa, akaniongoza kwa programu yake mpaka mwisho. Mungu amzidishie. Mwingine mwenye shida kama yangu amtafute yeye, hana choyo."

Nilipofungua tena shukrani zangu zimefutwa, na Babu Waya hayupo. Nimemwandikia pembeni, ujumbe haufiki. Unaelewa chochote hapo? Nimemkosea nani?

Na swali langu la kuja hukulijibu. Nimeisoma barua yako mbele na nyuma.

Dada yako


12 Aprili

Dada,

Yako imefika jana, naijibu leo.

Umemtoa mtu nje kwa mdomo wako. Kule, kumtaja mtu kwa wema wa aina hiyo ni kumchongea. Alikusaidia faraghani kwa sababu hadharani haruhusiwi, wewe ukaenda ukasimama katikati ukatangaza jina lake, kosa lake, chombo alichotumia, na ukawaelekeza wengine mlangoni kwake. Hilo "hana choyo" ndilo lililommaliza. Bila hilo pengine ingesemwa alijisahau mara moja. Ukishaandika "hana choyo" maana yake ni kazi yake ya kila siku.

Jukwaa lilishapata barua ya onyo ya mawakili wa kampuni moja ya filamu. Ikija nyingine litafungwa. Hakukuwa na namna, ilibidi aondolewe. Mzee wa watu amestaafu, miguu haimpeleki popote, humo ndimo alimokuwa akibarizi.

Usiandike tena kitu chochote humo. Wala usimtafute. Ukiwa na neno niandikie mimi, kwa karatasi.

Mdogo wako


5 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako haikuwa na salamu, kwa hiyo nimejisalimia mwenyewe kwa niaba yako, na Baba nimemwambia umemuulizia. Hatujambo. Mvua imeezua bati moja la jikoni, limesharudishwa.

Kwanza nikubali. Nimemponza mtu aliyenitendea mema, na nimemponza kwa adabu. Nimelelewa kwamba mtu akikufaa unamtaja mbele za watu, si kwamba unamficha kama aibu. Sikujua kuna mahali ambapo asante ni mashtaka. Kila nikisali namwombea Babu Waya, na kila nikimwombea naona haya.

Pili, nakala siiweki tena. Baba ananiuliza, namwambia deki imeharibika. Mungu anisamehe, deki nzima. Yeye anaipapasa kwa vidole, anasema, "Mbona ina joto?" Nimeshindwa kumwekea kitu ambacho sijui ni halali. Ulisema maneno ni ya aliyeyatunga. Mwalimu wa kwaya aliyezitunga nyimbo alifariki, lakini mjane wake yuko, anakaa kule mlimani nyuma ya shule. Nitakwenda kumuuliza yeye. Akisema hapana, nitaivunja kwa mkono wangu na nitamwambia Baba ukweli. Siku mbili nimevaa kwenda, siku mbili nimevua. Naogopa jibu.

Tatu, na hili ndilo limenifanya niandike leo badala ya kungoja nikitoka huko. Nilizitoa barua zako nikazisoma upya, nikitafuta mahali uliposema unakuja. Sikupapata. Nikapata kitu kingine. Umeandika kwamba ujumbe wangu ulianza kwa kuwaombea wagonjwa waliolazwa, ukaenda kwa wake za mafundi. Ni kweli ulianza hivyo. Lakini hayo sikukuandikia wewe. Niliyaandika kule tu, na hayakukaa. Mbali na Babu Waya na yule wa kipindi cha salamu, aliyeyasoma ni aliyeyafuta.

Sikuulizi. Nimekutawaza, nimekubeba mgongoni, nimekushonea kaptura ya kwanza ya shule. Sitakuuliza jambo ambalo unaweza kunieleza mwenyewe.

Dada yako


23 Juni

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu, na namsalimu Baba, na nasalimu hata hilo bati. Sote wazima. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, wifi yako anasema nyumba inajaa vipande.

Ndiyo. Msimamizi ni mimi.

Nilikujua kabla sijafika kwenye jina. Nani mwingine angewauliza mafundi asiowafahamu kama wamekula? Jukwaa ni la karakana yetu, wateja wengi wanatupata kupitia humo. Kabla yangu alisimamia mwenzangu, tulikuwa tunakaa meza moja. Akaacha maelezo ya kufungua kufuli yakakaa, ikaja ile barua ya mawakili, na mwenzangu akaondoka na vifaa vyake kwenye mfuko wa plastiki. Bosi akanigeukia mimi akasema, "Sasa wewe ndiye mlango." Angekuwa mtu mwingine ningefuta. Kwa kuwa ulikuwa wewe, nilifuta haraka zaidi, wasije wakasema fundi analea mambo ya kwao. Halafu nikakuandikia ile hotuba ya sheria. Kila neno lilikuwa kweli, na nikiisoma moyoni najisikia kama karani wa forodha.

Nilipomwondoa Babu Waya sikuweza kula. Nilimweleza bosi habari yote, kwamba aliyeandika ni dada yangu na diski ni ya mama yetu. Nilifikiri naondoka na mimi na mfuko wangu. Alinitazama, akasema, "Huyo dada yako asiruhusiwe kuandika hata tangazo la kifo." Kisha akakubali mzee apewe onyo arudi. Nimemwandikia. Amerudi kwa sharti moja, kwamba asishukuriwe na mtu yeyote kwa jambo lolote mpaka afe. Anakusalimu. Amesema ulikuwa mwanafunzi msikivu.

Sasa lile swali lako. Umeniuliza nakuja lini katika kila barua, na mimi kila barua nimelipita kama mtu anayedaiwa. Si nauli, si likizo. Siku ya mazishi niliingia jikoni kuchukua maji, nikasimama nikingoja Mama anifukuze, "Toka, utanimwagia unga." Hakunifukuza mtu. Niliondoka jioni ile ile na toka hapo miguu imekataa. Naogopa ule ukimya, dada. Ndiyo hivyo tu.

Nina ombi, na najua nani anaomba. Kama mjane wa mwalimu amekubali, nitumie nakala moja. Ifunge kwenye kitambaa, usiandike chochote juu. Nitaisikiliza mwenyewe hapa, mlango umefungwa, haitatoka. Sijasikia sauti ya Mama toka tumzike.

Mdogo wako Bisibisi


6 Julai

Bisibisi wangu,

Nimeipokea barua yako, nikaisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Asante kwa kunieleza. Hilo la forodha limenichekesha mpaka uzi ukakatika. Baba mzima. Wasalimie wote, na huyo tusiyeruhusiwa kumshukuru msalimie kimya kimya.

Nilikwenda mlimani. Mjane wa mwalimu anapiga pasi nguo za watu, chumba kizima mashati yananing'inia, unamtafuta kati ya mikono mitupu. Nikamsalimu, nikamweleza kuanzia kuku na sufuria mpaka Babu Waya. Hakuacha kupiga pasi.

"Wimbo wa nne," akasema. "Huo alimtungia mama yako kwa makusudi. Aligombana na kwaya nzima, wote walitaka kuimba."

"Nimekuja kuomba ruhusa," nikasema.

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kumsikiliza. Nakala nimetoa bila kuuliza. Ukisema niivunje, naivunja."

Hapo akaweka pasi chini. "Watu wanaimba nyimbo za mume wangu kwenye harusi zao hawajawahi hata kunipungia mkono. Kampuni iliyotoa diski ilikufa, nyimbo zikarudi mikononi mwake, karatasi zake ninazo humo sandukuni, hakuna aliyewahi kuniuliza. Wewe umepanda kilima chote hiki kuniomba ruhusa ya kumsikia mama yako."

Akauliza kama nakala ninayo. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akaichukua akaigeuza geuza. Mjane wa watu hana hata moja, mwalimu aligawa zote kwa wageni. Akasema, "Unitolee na mimi. Moja ya nyumba ya baba yako, moja yangu. Nikisikia ya tatu popote, nitakufuata na pasi yangu ikiwa ya moto."

Nikamwapia kwa Mungu. Moja na moja.

Nilirudi mbio kama msichana. Nikamwambia Baba deki imepona. Akasema, "Ilikuwa haiumwi." Nikamwomba msamaha, akanisamehe akiwa ameshageuza sikio upande wa spika. Wimbo ulipokwisha akauliza, "Na yule mtoto, ameusikia?" Nikamwambia bado.

Sasa ombi lako. Nimelisoma, nimelilia, na nimelifuta. Mada hii hairuhusiwi. Kanuni umezisoma wewe kuliko mimi. Ingekuwa ni kuvunja kufuli la kampuni iliyokufa, kwa ajili yako pengine ningepepesuka. Lakini nimeapa mbele ya mwanamke anayepiga pasi mashati ya watu huku nyimbo za mumewe zinachezwa bure kila mahali, na aliniamini bila kuandikishana. Siwezi kumwibia huyo hata kwa ajili ya mdogo wangu.

Nakala ni ya nyumba hii. Haiji kwako. Na wewe ni mtu wa nyumba hii, Bisibisi, hakuna aliyekufuta. Unasema unaogopa ukimya. Mimi naishi nao, najua ukubwa wake. Uko jikoni, uko kwenye kamba ya nguo, uko Baba akikohoa akangoja mtu amwambie pole. Sikudanganyi kwamba ukimya huo utakuwa umeondoka wewe ukifika. Ila hapa pana mahali pamoja ambapo unavunjika kila jioni, na sitakuletea kwa posta.

Nakuombea safari kabla hujaikubali.

Dada yako


19 Julai

Dada,

Salamu kwako na kwa Baba. Sisi wazima.

Nimezunguka na barua yako mfukoni karakanani, nikitafuta kifungu cha kukushinda. Nilidhani ningesema mimi ni mrithi. Nilidhani ningesema nakala ya akiba. Bosi aliniona nasonya peke yangu mbele ya deki iliyofunguliwa, akauliza kuna nini. Nikamwambia nimekataliwa nakala. Akauliza na nani. Nikamwambia na yule yule. Akacheka, akanipa likizo.

Nakuja Jumamosi ya kwanza ya Agosti, basi la asubuhi. Wifi yako na watoto watafuata shule zikifungwa. Mwambie Baba, usimfanyie mshangao, moyo wake si wa kuchezewa.

Nikifika usiniwekee diski papo hapo. Niache niingie jikoni kwanza, peke yangu, nisimame mpaka nimalize. Nikitoka nitakaa chini pembeni ya kiti cha Baba, na wewe utajua.

Mdogo wako